Ngozi ya Uani: Dhidi ya Rai Kwamba Kusindika Ngozi ni Kazi ya Kiwanda Peke Yake

Katika mijadala ya maendeleo ya mifugo Afrika Mashariki imejengeka rai moja ambayo husemwa kwa namna nyingi lakini kiini chake hakibadiliki. Rai hiyo hushikilia kwamba usindikaji wa ngozi, yaani kazi ya kuigeuza ngozi mbichi ya mnyama iwe bidhaa isiyooza, ni kazi ya kiwanda chenye mashine, kemikali za kromu na wataalamu wenye vyeti, na kwamba mtu anayejaribu kuifanya uani kwake kwa chokaa, magome ya miti na pipa la plastiki anapoteza muda wake, anawakera majirani kwa harufu, na mwishowe anaambulia kitu kigumu kama ubao kisichostahili kuitwa ngozi. Wanaoishikilia si watu wenye nia mbaya. Wamo maafisa wanaotamani kwa dhati nchi zao ziache kuuza ngozi ghafi nje, wamo wafanyabiashara walioungua kwa kununua ngozi zilizosindikwa ovyo, na wamo wafugaji ambao wameisikia kwa miaka mingi mpaka wakaiamini kuliko wanavyoamini mikono yao. Hata hivyo rai hii ina makosa, na makosa yake yako katika kemia, katika historia, na zaidi katika hesabu ya nani hupoteza nini wakati kiwanda kikisubiriwa.

Kabla ya yote ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo wakosoaji huyachanganya. Ngozi iliyowambwa kwenye fremu ya miti na kukaushwa kivulini, au iliyopakwa chumvi na kukunjwa, imehifadhiwa tu. Ikilowa hurudi kuwa mbichi, na bakteria huendelea kuila kana kwamba hawakuwahi kukatizwa. Ngozi ya ngoma ni ya namna hii, ndiyo maana hulegea hewa ikiwa na unyevu na hulazimu kuoteshwa moto ili ilie. Kusindika ni jambo jingine kabisa. Sehemu kubwa ya ngozi, ukiondoa maji, ni kolajeni, yaani protini yenye nyuzi ndefu zilizosokotana, na kusindika ni kuingiza kati ya nyuzi hizo kitu kitakachozishika zisigandamane zinapokauka wala zisiliwe na bakteria zinapolowa. Kitu hicho chaweza kuwa chumvi ya kromu, chaweza kuwa mafuta na moshi, na chaweza kuwa tanini, kemikali ile kali yenye kukaza ulimi ambayo imo katika chai iliyokolea, katika ganda la komamanga, katika makaka ya baadhi ya migunga na katika magome ya miti mingi. Tanini hushikamana na kolajeni kwa namna ile ile ndani ya pipa la uani na ndani ya pipa kubwa la kiwandani linalozungushwa kwa mota. Mota huongeza kasi, lakini haileti kemia mpya.

Shutuma ya kwanza, na ndiyo inayorudiwa zaidi, hudai kwamba ngozi ya nyumbani si ngozi halisi kwa sababu haihimili kipimo cha kuchemshwa. Kipimo chenyewe ni rahisi: kipande cha ngozi hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika chache, na kikisinyaa na kujikunja huhesabiwa kuwa hakikusindikwa vizuri. Wanaokitumia kipimo hiki dhidi ya ngozi ya magome husahau kilitengenezwa kwa ajili ya nini. Kila ngozi ina joto lake la kusinyaa, yaani kiwango cha joto ambacho kikifikiwa katika maji nyuzi za kolajeni huachiana na kujikunyata. Kwa ngozi mbichi joto hilo ni takriban nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, kwa ngozi iliyosindikwa kwa tanini za mimea ni kati ya 75 na 85 hivi, na kwa ngozi ya kromu hupita 100. Kipimo cha kuchemsha basi huulizia jambo moja tu, kama kromu imeingia ya kutosha. Ngozi bora kabisa ya magome, iliyosindikwa kwa ustadi wa miezi, hushindwa kipimo hicho sawasawa na ngozi mbovu, na kuihukumu kwa kigezo hicho ni kuikosea. Swali la haki ni kama joto la kusinyaa limepanda kutoka lile la ngozi mbichi, na hilo hupimwa kwa maji ya nyuzi 70 na kipimajoto cha bei nafuu: kipande cha ngozi mbichi kitajikunja humo, na kipande kilichoiva katika magome kitabaki kama kilivyo.

Zaidi ya hapo, ni vyema kuuliza ni mkanda gani, ala gani ya kisu au kiatu gani kinachovaliwa ndani ya maji ya nyuzi 80. Yako matumizi yanayohitaji kweli uhimilivu wa kromu, kwa mfano viatu ambavyo soli zake za mpira huunganishwa kwa joto kali kiwandani, na hapo ngozi ya magome haifai na hakuna sababu ya kudai kwamba inafaa. Lakini soli za ngozi, mikanda, hatamu, matandiko ya farasi, mikoba na makubadhi, yaani viatu vya wazi vya ngozi vinavyovaliwa pwani pamoja na kanzu, vyote hutaka ngozi iliyojaa, yenye kushika umbo, inayokatika kwa makali bila kuvutika, na sifa hizo ndizo tanini za mimea huzitoa kwa urahisi kuliko kromu. Ugumu unaolaumiwa katika ngozi ya uani una asili mbili, na wakosoaji hutaja moja tu. Ipo ngozi iliyo ngumu kwa sababu tanini haikuifikia katikati, na hiyo ni kasoro ya kweli. Ipo pia ngozi iliyoiva vizuri ikatoka kwenye pipa na kuanikwa ikakauka yenyewe bila mafuta na bila kufanyiwa kazi, na hiyo huwa ngumu hata ingetoka kiwandani, kwa sababu nyuzi zilizolowa hujigandamiza maji yanapotoka. Methali isemayo ngozi ivute ingali maji ina maana pana katika maisha, lakini kwa fundi wa ngozi ni maelekezo ya kazi yenye ukweli neno kwa neno: ngozi hupakwa mafuta ingali na unyevu, kisha huvutwa, hukunjwa na kupitishwa juu ya ukingo wa ubao tena na tena mpaka ikauke mikononi. Wanawake wa Kimaasai waliolainisha ngozi za mavazi kwa kuzipara na kuzisugua mafuta walijua jambo hili kabla ya shuka za dukani kuenea.

Wanaosema kwamba ngozi halisi ni ya kromu wanapaswa kukumbushwa umri wa kromu. Hati miliki ya kwanza iliyofanya njia hiyo iwe ya kibiashara ilipewa Augustus Schultz nchini Marekani mwaka 1884, na njia nyepesi zaidi ya Martin Dennis ilifuata mwaka 1893. Kila jalada la ngozi la msahafu, kila kiriba kilichobeba maji katika misafara na kila tandiko lililotangulia miaka hiyo lilisindikwa kwa njia ambayo leo inaitwa ya kizamani. Ngozi laini ya mbuzi ambayo Ulaya iliijua kwa jina la Moroko ilitoka kwa sehemu kubwa katika nchi ya Wahausa, kwa mbuzi wekundu wa Sokoto, ikasindikwa kwa makaka ya mgunga na wenyeji, kisha ikavushwa jangwa la Sahara hadi masoko ya kaskazini. Na njia hiyo haijafa katika nchi zenye viwanda. Katika mji wa Colyton, Devon, Uingereza, kipo kiwanda cha familia ambacho hadi leo husindika ngozi za ng'ombe kwa magome ya mwaloni, kazi inayochukua zaidi ya mwaka. Katika jimbo la Toscana, Italia, wasindikaji wanaotumia tanini za mimea waliunda muungano wao mwaka 1994 ili kuilinda njia hiyo na kuiuza kwa bei ya juu kuliko ngozi ya kawaida.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Njombe. Kampuni ya miwati iliyoanzishwa huko mwaka 1949 na shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza imekuwa kwa miongo mingi ikichemsha magome ya miwati, mti uliotoka kusini mashariki mwa Australia, na kuyageuza kuwa unga wa tanini wa kuuzwa kwa viwanda vya ngozi. Katika nyanda za juu za Kenya wakulima wadogo waliuza magome hayo hayo kwa vizazi, na Eldoret kulikuwa na kampuni kubwa ya kazi hiyo. Nchi ambazo udongo wake umeilisha biashara ya tanini ya dunia kwa muda mrefu namna hiyo haziwezi kuwaambia watu wake kwamba magome ya miti hayasindiki ngozi. Gome kavu la mwati lina tanini kiasi cha theluthi ya uzito wake au zaidi, na ni vigumu kupata malighafi yenye nguvu kuliko hiyo popote.

Shutuma ya pili ni nzito zaidi na inastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa kuwa inagusa neno majaribio lenyewe. Inasemwa kwamba majaribio ya nyumbani hayana mwelekeo, kwamba mtu mmoja hupata ngozi nzuri na jirani yake aliyefuata maelekezo yale yale hupata uozo, na kwamba kazi ambayo matokeo yake hayatabiriki haiwezi kuitwa ufundi. Maelezo haya ya hali ilivyo mara nyingi ni ya kweli. Hitimisho ndilo lisilo sahihi, kwa sababu kutotabirika huko kunatokana na jinsi majaribio yanavyofanywa, wala si hulka ya magome na chokaa. Anayejaribu kwa mara ya kwanza hubadilisha mambo matano kwa pamoja: ngozi ya leo ni ya beberu mzee na ya juzi ilikuwa ya mwanambuzi, chokaa ya leo ni mpya na ya juzi ilikuwa imekaa wazi hadi ikapoteza ukali, magome ya leo yamesagwa na ya juzi yalitiwa vipande vipande, maji ni ya kisima kingine, na siku ni za baridi. Akipata tofauti hajui imetoka wapi, na hufikia kusema kwamba ngozi ina bahati yake.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana na haina gharama. Watafiti wa ngozi wanapotaka kulinganisha njia mbili huikata ngozi moja kwa urefu juu ya uti wa mgongo, wakapata nusu ya kulia na nusu ya kushoto za mnyama yule yule, mwenye umri ule ule na afya ile ile, kisha kila nusu wakaipitisha katika njia moja. Mwanakijiji mwenye ngozi moja ya mbuzi na mapipa mawili anaweza kufanya hivyo hivyo. Nusu moja ikae katika chokaa siku tatu na nyingine siku tano, mengine yote yabaki sawa, na tofauti itakayoonekana itakuwa imesababishwa na chokaa. Alama zikatwe pembeni kwa kisu, tundu moja kwa nusu ya kwanza na mawili kwa ya pili, kwa sababu wino na kamba havidumu katika maji ya magome. Daftari la shule linatosha kuandikia uzito, tarehe, kiasi cha magome na hali ya hewa. Majaribio ya namna hii si duni kuliko ya maabara kwa mantiki yake, ingawa vifaa vyake ni haba.

Kila hatua pia ina dalili zake zinazoonekana kwa macho na vidole, na dalili hizo ndizo ufundi wenyewe. Ngozi iliyoiva katika chokaa hutoa manyoya ikisukumwa kwa kidole gumba bila kung'ang'aniwa, na ikihitaji kuvutwa kwa nguvu haijafika. Ikishaparwa manyoya upande mmoja na nyama upande wa pili, chokaa iliyobaki ndani yake hutolewa kwa maji safi na kwa maji ya pumba yaliyochacha, ambayo asidi yake dhaifu huituliza, na ngozi iliyokuwa imevimba na kuteleza hulegea mpaka kidole kikibonyeza huacha shimo lisiloinuka upesi. Baada ya hapo huingia katika maji ya magome, na hapa ndipo wengi huharibikiwa kwa haraka ya kutaka rangi. Maji makali yakianza, tanini hukaza uso wa ngozi na kufunga njia, katikati ikabaki mbichi daima. Kwa hiyo maji ya kwanza huwa mepesi, yenye rangi ya chai isiyokolea, na huongezwa ukali siku baada ya siku, ngozi ikigeuzwa asubuhi na jioni. Ngozi ya mbuzi huhitaji wiki mbili au tatu, na ya ng'ombe huhitaji miezi.

Kama imeiva au haijaiva si jambo la kubahatisha. Hukatwa ukanda mwembamba sehemu ya shingo, ambayo ni nene, na mkato wake hutazamwa kwenye mwanga. Rangi ya kahawia hafifu ikiwa imepita kutoka upande wa manyoya hadi upande wa nyama bila kukatika, kazi imekwisha. Ukionekana mstari katikati, mweupe kama maziwa au wenye ung'avu wa kioo, humo mna ngozi mbichi ambayo itageuka kuwa ngumu ikikauka na itaoza ikilowa, na jibu lake ni kurudi kwenye pipa. Karibu kila ngozi ya uani inayoletwa kama ushahidi kwamba njia haifai ina mstari huo ndani yake, na mwenye kuihukumu hajawahi kuikata aone.

Kosa jingine la kawaida linalolaumiwa kwa magome ni ngozi kutoka na mabaka meusi. Tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi yenye ubuluu, na mafundi wa kale waliitumia makusudi kupaka ngozi weusi kwa misumari iliyolowekwa katika siki. Anayesindika katika pipa la bati lenye kutu, au anayepara kwa kisu cha chuma kisha akaacha vumbi lake juu ya ngozi, hupata weusi huo bila kuutaka. Pipa la plastiki, la mbao au mtungi wa udongo humaliza tatizo.

Shutuma ya tatu ni ya hatari, na hapa mtetezi wa ngozi ya uani hana budi kuwa mkweli kuliko mpinzani wake. Ngozi mbichi yaweza kubeba kimeta, ugonjwa wa bakteria ambao mbegu zake huishi miaka mingi katika udongo na katika manyoya, na ambao huua watu. Mwaka 2006 mjini New York na mwaka 2008 mjini London watengeneza ngoma waliougua kimeta walikuwa wakishughulika na ngozi za wanyama zilizotoka nje ya nchi zao, na yule wa London alifariki. Hakuna chokaa wala gome la kutegemewa dhidi ya hatari hiyo. Kanuni ni moja tu, haina nafasi ya mjadala: mnyama aliyekufa mwenyewe, hasa ghafla, hachunwi, na ngozi inayoingia uani itoke kwa mnyama aliyechinjwa akiwa mzima na kukaguliwa na afisa mifugo au mkaguzi wa nyama. Lakini kanuni hiyo inamlinda mchunaji, mchukuzi na mfanyakazi wa kiwandani kwa kiasi kile kile, kwa maana hatari iko katika ngozi mbichi popote inapoguswa. Kuitumia dhidi ya uani peke yake si haki.

Harufu nayo hutoka kwa uozo. Ngozi iliyopakwa chumvi nyingi ndani ya saa chache baada ya kuchunwa, kiasi cha theluthi moja ya uzito wake au zaidi, hainuki uvundo. Ile iliyoachwa kwenye jua hadi jioni imeshaanza kuharibika kabla ya fundi kuiona, na harufu yake ni ripoti ya uzembe wa machinjioni. Kuhusu mazingira, maji ya magome yaliyotumika si baraka kwa mto: hunyonya oksijeni na kudhuru samaki, na mahali pake ni shimo lililo mbali na kisima, kama ilivyo kwa chokaa. Hata hivyo uzito wake haulingani na wa njia inayosifiwa. Viwanda vingi huondoa manyoya kwa salfidi ya sodiamu, kemikali ambayo ikichanganyika na asidi hutoa gesi inayoua wafanyakazi kwenye mashimo ya majitaka. Kromu yenyewe, katika hali yake ya kawaida ya kusindikia, haina sumu kali, lakini baadhi yake yaweza kugeuka kuwa kromu ya daraja la sita inayodhuru ngozi ya mtu na kuhusishwa na saratani, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuanzia Mei 2015 bidhaa za ngozi zinazogusa mwili zenye zaidi ya miligramu 3 za kromu hiyo kwa kila kilo. Kiwanda chenye mtambo mzuri wa kusafisha majitaka kinaweza kuyamudu haya yote. Nyumba haiwezi, na kwa hiyo salfidi na kromu havina mahali uani, hata kama muuzaji wa kemikali yuko tayari kuvipima kwa kilo.

Hapa pia wapo marafiki wanaoidhuru kazi hii kwa mapenzi. Hudai kwamba kila kitu cha asili ni salama na kwamba kila gome ni dawa. Shabu, ile inayotumika kusafishia maji ya kunywa, ikichanganywa na chumvi huifanya ngozi iwe nyeupe na laini kwa siku chache, na wengi huishangilia. Lakini shabu hutoka ngozi ikifuliwa, na kinachobaki ni ngozi mbichi. Anayeuza mkoba wa shabu kama ngozi iliyosindikwa anamdanganya mnunuzi. Magome ya mikoko yana tanini nyingi, na tangu enzi za Wajerumani yaliuzwa nje kutoka delta ya Rufiji kwa kazi hii, lakini mkoko uliomenywa gome hufa, na pwani isiyo na mikoko huliwa na bahari. Aliye karibu na mikoko aiache. Mwati nao umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, kwa hiyo hoja ya kuutumia ni kuvuna uliopo, si kuupanda kando ya vijito. Ngozi za wanyamapori hazimo kabisa katika mjadala huu, kwa kuwa kuwa nazo bila kibali ni kosa la jinai.

Baada ya kemia na hatari inabaki hoja ambayo kwa kweli ndiyo nguzo ya rai yote, yaani kwamba hata kama njia ya uani inawezekana, busara ni kungoja viwanda. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama historia isingekuwepo. Katika miaka ya 1970 Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliamua kujenga Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, ambacho kilipangwa kutengeneza karibu jozi milioni 4 kwa mwaka, kuvalisha soko lote la nchi na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini na jengo halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika mji wenye joto kama Morogoro. Mashine ziliharibika, vipuri havikuwepo, na uzalishaji haukuwahi kupita asilimia 4 ya uwezo wake hadi ulipokoma mwaka 1990. Viwanda vya ngozi vya umma vya Morogoro, Mwanza na Moshi navyo viliingia katika wimbi la ubinafsishaji wa miaka ya 1990 vikiwa dhaifu. Sababu za kuanguka huko ni nyingi na si zote za kiufundi, lakini hakuna hata moja inayotokana na mtu aliyeloweka ngozi ya mbuzi uani kwake. Ngozi haikukosa kusindikwa kwa sababu ya uani.

Sera za baadaye zilichukua njia ya ushuru. Kenya na Tanzania zilipandisha ushuru wa kusafirisha ngozi ghafi nje, na kwa Kenya ulifika asilimia 80, kwa matumaini kwamba ngozi zikizuiwa kutoka zitasindikwa ndani. Lengo lilikuwa jema, ila mzigo ulimwangukia aliye mwisho wa mnyororo. Kiwanda cha ndani kisipokuwa na uwezo wa kununua kila kitu, na mnunuzi wa nje akiwa amefukuzwa na ushuru, bei ya ngozi kijijini hushuka hadi gharama ya chumvi na usafiri huzidi thamani yake, na mfugaji mwenye akili timamu huitupa. Kumhubiria mfugaji huyo asubiri kiwanda, na papo hapo kumkataza kujaribu mwenyewe, ni kumfungia milango miwili na kumlaumu kwa kubaki nje.

Inasemwa kwamba miezi ya kusubiri ngozi ya ng'ombe ni mtaji uliolala. Kwa ngozi nzito hilo ni kweli kiasi, na mara nyingi ngozi ya ng'ombe iliyochunwa vizuri bila mikato ya kisu itamfaa mwenyewe zaidi ikiuzwa kwa kiwanda kilicho karibu, kama kipo. Hoja ya uani inasimama imara zaidi kwa mbuzi na kondoo, ambao ngozi zao ni nyembamba, huiva kwa wiki chache, hutosha katika ndoo, na ndizo ambazo wachuuzi huzikataa kwanza bei inaposhuka. Kazi ya kila siku katika wiki hizo ni kugeuza ngozi mara mbili na kuongeza magome. Mwenye shamba na mwenye kibanda cha kushona viatu wanaiweza bila kuacha shughuli zao. Na fundi wa makubadhi au mikanda, ambaye leo hununua ngozi kwa futi na kulipia faida ya watu watatu waliomtangulia, akisindika mwenyewe hupata ngozi ambayo anaijua unene wake, mafuta yake na mahali ilipokatwa.

Wale wanaodai kwamba haya ni madogo mno kuwa sera waitazame siku ya Idi Kubwa katika miji ya pwani. Kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, mbuzi na kondoo huchinjwa kwa maelfu katika asubuhi moja, majumbani, mbali na machinjio yoyote yenye banda la ngozi. Hakuna kiwanda chenye magari ya kuzikusanya kabla ya joto la mchana kufanya kazi yake, wala hakijawahi kuahidiwa kuwepo. Ngozi hizo huishia jaani na kwenye mitaro, na manispaa hulipa gharama ya kuziondoa. Kwa upande mwingine, kilo chache za chumvi zikiwa tayari nyumbani, ngozi ya mbuzi mmoja huokolewa ndani ya nusu saa, na magome yatasubiri hadi mwenye nyumba apate nafasi. Halmashauri inayotaka kuzipunguza ngozi za mitaroni inaweza kuanza kwa kugawa chumvi na karatasi moja ya maelekezo misikitini wiki moja kabla, na kumtuma afisa mifugo akawafundishe vijana wa mtaa kuchuna bila kutoboa. Gharama yake ni ndogo kuliko mafuta ya lori la taka.